Papa potwe wa Mafia: Picha ya karibu si lazima imbughudhi

KWA mkazi wa Majengo mjini hapa, utalii maana yake ni mlima. Huko Mafia, karibu na Kilindoni, utalii ni papa potwe, ambao huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi.

Samaki huyu, mkubwa kuliko wote duniani, hula viumbe wadogo mno. Mpiga picha haogopi kuliwa. Mwenye sababu ya kuogopa ni samaki, aliyetangazwa mwaka 2016 kuwa hatarini kutoweka.

Watafiti humtambua kila mmoja kwa madoa ya ubavuni, nyuma ya matamvua, mithili ya alama za vidole. Picha hiyo hupatikana kutoka mita tatu. Anayemziba njia akitafuta picha ya uso huweza kumfanya azame, na waliobaki mashuani, ambao nao wamelipa, wasione kitu.