Kebo Waitundike Lyamba lya Mfipa, Kilimanjaro Waiache

Kuna hoja moja nchi hii ambayo kila ikizikwa inafufuka. Nayo ni ile ya kuweka magari ya kebo Mlima Kilimanjaro. Safari hii imenijia kupitia kwa rafiki yangu wa Dar, msomi wa shahada mbili, aliyeniambia bila hata kutabasamu kwamba anayepinga mradi ule ni mtu asiyependa maendeleo. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Haya ndugu yangu, jibu lako hili hapa, na wengine mnakaribishwa kusoma.

Kwanza tuwekane sawa. Sisemi yale magari ya waya tuliyochezea utotoni, yenye matairi ya ndala. Nasema vile vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye waya mnene wa chuma: unapandia chini, unashukia juu, kiatu hakijagusa jiwe. Ndugu yake ni viti vya kebo, vile tunavyoviona kwenye sinema, wazungu wamekaa miguu inaning'inia, wanapandishwa mlimani ili wakateleze kwenye theluji.

Mei 2019 Constantine Kanyasu, wakati huo Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii, alitangaza kwamba serikali inazungumza na kampuni moja ya China na nyingine ya nchi za Magharibi kuhusu kujenga kebo Kilimanjaro. Hoja yake ilikuwa kwamba wapo wazee na watu wenye matatizo ya viungo wasioweza kutembea siku sita au saba, na kwamba watalii wangeongezeka kwa asilimia 50. Mlima ulikuwa unapokea watu wapatao 50,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 mjadala ukarudi tena kwa kishindo, upande wa Machame, na wenye kampuni za utalii wa Moshi na Arusha wakaja juu.

Aliyeniingia akilini kuliko wote ni Loishiye Mollel, kiongozi wa chama cha wapagazi. Mwaka 2019 alipiga hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaielewa. Mgeni mmoja kutoka Marekani anaweza kuwa na watu mpaka 15 nyuma yake: wapagazi 13, mpishi na mwongozaji. Wapagazi wa mlima ule aliwakadiria kuwa 20,000. Sasa mgeni huyo mpandishe asubuhi kwa kebo, mshushe mchana, apige picha, arudi hotelini. Wale 15 wanabaki wapi? Wanakata tiketi za kebo?

Rafiki yangu ana jibu. Anasema Cape Town wana kebo ya Table Mountain tangu 1929 na hakuna aliyekufa njaa. Kweli kabisa. Ila Table Mountain ina mita 1,085, iko mlangoni pa jiji, na mtu anaipanda asubuhi akiwa na chupa yake ya maji. Hakuna mpagazi pale wa kunyang'anywa mzigo. Kibo ina mita 5,895. Kwa kulinganisha hivyo, hata mimi na Mbwana Samatta tunacheza mpira.

Lakini msinielewe vibaya. Sipingi kebo. Naipenda kebo, na ndiyo maana naumia kuiona inapelekwa pasipohitajika.

Hebu tuwatazame wanaozitengeneza. Dunia nzima biashara hii wameishika watu wachache sana. Doppelmayr wako Wolfurt, mji mdogo tu wa Austria, na kampuni ilianza mwaka 1892. Mwaka 2002 wakaungana na Garaventa wa Uswisi. Wamekwishajenga mitambo zaidi ya 15,000. Mshindani wao ni Leitner wa Italia kaskazini, wa tangu 1888, ambaye yuko kundi moja na Poma wa Ufaransa. Wakubwa ndio hao. Kwa miaka mingi walikula kwa jasho la theluji, yaani wateja wao walikuwa wenye hoteli za milimani huko Ulaya na Marekani. Sasa milima ya Alpi imejaa nyaya, theluji yenyewe haiaminiki kama zamani, na muuza mashine hawezi kukaa akisubiri mvua ya barafu. Ametafuta wateja wapya, akawapata. Medellín, Kolombia, ilipandisha watu wa mabondeni na vilimani kwa kebo ya Poma kuanzia 2004. La Paz, Bolivia, ilianza 2014 na Doppelmayr, na leo ina njia 10, zaidi ya kilomita 30, wafanyakazi na wanafunzi wanapanda kama sisi tunavyopanda daladala.

Hapo ndipo ninapotaka mtazame vizuri. Kule Bolivia na Kolombia kebo ilipelekwa kwa mtu aliyekuwa anapanda kilima kila siku kwa sababu hana njia nyingine. Kilimanjaro ilitaka kupelekwa kwa mtu aliyelipa dola nyingi ili apande kilima. Mashine ni ileile ila haja ni mbili tofauti, moja haja na nyingine anasa.

Na kama mnadhani mashine hii ilizaliwa kwa ajili ya starehe, sikilizeni. Viti vya kebo vya kwanza duniani vilifungwa Sun Valley, jimbo la Idaho, Marekani, mwaka 1936. Mhandisi aliyevibuni, James Curran wa kampuni ya reli ya Union Pacific, alikuwa amewahi kushughulika na mitambo ya kupakia ndizi melini katika nchi za joto: waya unazunguka, kuna ndoano, mkungu unaning'inia. Akaitoa ndoano, akaweka kiti. Ndizi! Tena mashine kama hii sisi tumekuwa nayo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitundika kebo Usambara Magharibi, kutoka misitu ya Shume kushuka mpaka stesheni ya reli ya Mkumbara, imejengwa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig. Ilibeba magogo na mbao za mierezi. Mkoloni alipotaka mali ishuke mlimani hakusumbuka na kona, alinyoosha waya. Sisi tukikumbuka kebo tunakumbuka watalii.

Sasa twendeni kwetu Rukwa. (Wenzangu wa Dar wakisikia Sumbawanga wanaanza kucheka, eti usafiri wa anga tunao tangu zamani, wa ungo, usiku, bila waya wala nguzo. Tumezoea. Chekeni mkimaliza mniambie, tuendelee.)

Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye mita 1,800 hivi. Ziwa Rukwa liko chini bondeni, mita 800 hivi. Katikati yake umesimama ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ukuta wa mlima unaoporomoka kama mtu aliyekata mkate kwa kisu. Mtowisa iko chini ya ukuta huo. Ni joto, ni mpunga, ni ufuta, ni samaki. Juu ni baridi, mahindi, maharage, ulezi. Mungu aliziweka soko mbili zinazohitajiana kila siku, halafu katikati akaweka mita 1,000 za mawe.

Barabara ipo, sitaki kuandika uongo. Inatoka Ntendo, inashuka Muze kwa kona ambazo mgeni huwa anafumba macho, ndipo unafuata bonde mpaka Mtowisa. Masika ikikolea, udongo unateremka na mawe yanateremka. Mama yangu mkubwa analima mpunga huko. Nilimuuliza mwaka jana mbona anauza gunia kwa bei ya kutupa wakati Sumbawanga mchele unauzwa vizuri. Akaniambia, "Mwanangu, mnunuzi akifika anautaja mlima kabla hajataja bei." Nimefanya kazi ya kuandika habari za uchumi kwa muda, nimekaa kwenye semina zenye chai na sambusa kuhusu mnyororo wa thamani, na sijasikia maelezo mafupi kuliko hayo.

Wasio na nauli ya mzigo wanapita njia za miguu. Maharage yanashuka kichwani, samaki wakavu wanapanda kichwani. Kilimanjaro hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na kuna mizani getini. Lyamba lya Mfipa mizani iko wapi? Mama anayepanda na furushi lake nani anampima? Kule mlima wa watalii mpagazi analipwa, anapewa bakshishi, ana chama, ana kiongozi anayenukuliwa na vyombo vya habari vya dunia. Huku mzigo haulipwi na anayeubeba hahesabiwi kuwa mpagazi, anahesabiwa kuwa mwanamke wa kijijini. Ndipo nauliza, ni nani kati ya hawa wawili aliyestahili mtu aje na kebo aseme, tua mzigo?

Na si magunia tu. Mjamzito akipewa rufaa Mtowisa kwenda hospitali ya mkoa, anapanda ukuta huohuo. Usiku, masika, kona zilezile.

Najua mtakayoniuliza, maana rafiki yangu keshaniuliza. Doppelmayr waje Mtowisa kufanya nini, nani atawalipa? Jamani, si lazima tuanze na vyumba vya vioo vyenye viti vya ngozi. Nepal kuna vijiji vya milimani vinatumia kebo za mizigo zisizo na injini kabisa. Vitoroli viwili kwenye nyaya: chenye mzigo kinashuka kwa uzito wake, kinakivuta kingine kupanda. Chini kuna soko na barabara, juu kuna wakulima wa mboga. Kinachotakiwa ni waya mzuri, gurudumu, breki na mtu makini wa kushika breki hiyo. Kwetu kuna kikwazo, sikifichi: mchele wetu uko chini na soko liko juu, mzito ndio unaotaka kupanda. Kwa hiyo maharage na mahindi yakishuka yatasaidia kuvuta, lakini msimu wa mavuno ya mpunga itahitajika mota. Na mota hiyo ningependa iwe na dizeli ya akiba, kwa sababu tunajuana. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga tuliuvuta kutoka Zambia, na giza letu tunalijua kwa jina.

Swali la pili ni matunzo, na hili naliheshimu kuliko yote. Hapa mjini kuna jengo la ghorofa nane, silitaji, lifti yake ina karatasi ya "mbovu" iliyokwisha kubadilika rangi. Tutawezaje kebo? Italia kwenyewe, nyumbani kwa Leitner, Mei 2021 waya ulikatika Mottarone wakafa watu 14, kwa sababu breki ya dharura ilikuwa imezuiwa makusudi ili isiwasumbue. Wenye viwanda walikuwa jirani, mafundi walikuwepo, na bado uzembe uliua. Ndiyo maana nasema tuanze na mizigo. Gunia la mchele likidondoka Lyamba lya Mfipa tutaokota, na nguruwe pori watakula. Miaka mitano ya kubeba magunia bila ajali ndiyo cheti cha kubeba wajawazito. Na vijana wa VETA wajifunze kusuka waya na kukagua vibanio, siyo kila nati ikilegea tunamsubiri mtu apande ndege kutoka Ulaya.

Tatu, wenye fuso. Hawa wananiuma, maana nikiwatetea wapagazi wa Machame siwezi kuwasahau madereva wa kwetu. Lakini kebo ya ukuta inaishia ukutani. Bonde linaendelea mpaka Ilemba na Kilyamatundu, na kutoka juu mpaka Sumbawanga mjini bado kuna mwendo. Fuso itakuwa na kazi pande zote mbili. Itakachokosa ni zile kona, na sijakutana na dereva anayezipenda.

Watu wa Mombasa watanionya kuhusu ahadi. Mwaka 2017 waliambiwa kebo itavusha watu Likoni, na jina la Doppelmayr likatajwa. Haikujengwa, na watu wakaendelea na feri. Kwa hiyo sitaki tangazo wala waziri aje Mtowisa kukata utepe wa kitu kisichokuwepo.

Rafiki yangu alimaliza kwa kusema Kilimanjaro ni lazima tuwahi, theluji inaisha. Ni kweli inaisha. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, waliupanda mlima ule wakateremka kwa kuteleza juu ya theluji, na tangu mwaka huohuo barafu yake imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Nguzo za chuma hazitairudisha.

Kilimanjaro ilifanyiwa upembuzi yakinifu kwa fedha na muda wa watu wakubwa. Naomba Lyamba lya Mfipa ipewe wake. Apelekwe mpima na mhandisi, wakae wiki mbili. Wapime umbali wa kunyoosha kutoka kitako cha ukuta mpaka ukingoni, wahesabu magunia yanayopanda kwa mwezi wakati wa mavuno na vichwa vinavyoyabeba, kisha wawasomee watu wa Mtowisa majibu kwenye mkutano wa hadhara, kwa Kiswahili, na Kifipa kwa wazee. Mpunga unavunwa kuanzia Mei. Wakienda mwezi huo hawatapata shida ya kuhesabu.