Unapiga Picha ya Nini? Hilo Swali Lina Haki ya Kuulizwa

Huku kampasi tupo, semina zinatuandama, na wengine wanahesabu siku tu boom litoke. Ila leo siongelei boom. Naongelea jambo lililozua ubishi mkubwa chumbani kwetu juzi, sisi wa ualimu tunaochukua Jiografia: kupiga picha mitaani, na wale wenyeji wanaokuja juu wakiona kamera.

Wenzangu wengi msimamo wao ni huu: barabara ni ya umma, soko ni la umma, mtaro ni wa halmashauri. Kwa hiyo mtu akinisimamisha na kuniuliza napiga picha ya nini, huo ni ushamba tu na ananinyima haki yangu. Mimi nasema hapana jamani. Anayeuliza siyo mshamba, ana kumbukumbu. Na mwenye kamera ndiye anayetakiwa kutoa jibu, tena ikiwezekana kabla hajaulizwa.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linatuhusu sisi walimu watarajiwa. Wote tuliopita sekondari tunaikumbuka ile mada ya kusoma na kutafsiri picha. Tunakumbuka pia ngano ya Kanada na makaa ya mawe ya Ruhr kule Ujerumani, tulivikariri mpaka vikatoka masikioni. Lakini mtoto anayeishi bonde la Msimbazi, ambaye kila masika maji yanamkuta kitandani, anafundishwa mafuriko kwa mchoro wa chaki ubaoni. Mwalimu akiwa na picha kumi za mtaro wa karibu na shule, ulioziba na usioziba, ana zana ya kufundishia kuliko kitabu chochote. Kwa hiyo sisemi tusipige picha. Nataka tupige nyingi. Ila kuna namna.

Sasa hiyo kumbukumbu ninayoisema ni ipi? Desemba 2015 nyumba za mabondeni hapa Dar es Salaam zilivunjwa, na nyingine zikaachwa na alama ya X nyekundu ukutani. Mwaka 2017 ikawa zamu ya waliojenga kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, kupisha upanuzi wa barabara. Mwaka 2021 wamachinga nao wakaondolewa barabarani. Mara zote hizo, kabla ya tingatinga kufika walikuja watu kwanza, wana futi, wana rangi, wana makaratasi, wanatazama nyumba yako halafu wanaandika bila kusema kitu. Sasa wewe unatokea, humjui mtu, umesimama mbele ya ukuta wa mwenzio, unapiga picha kisha unaandika kwenye daftari. Unategemea mwenye nyumba akukaribishe chai?

Angalieni kitu kimoja. Vijana wanashinda mitaani wanajirekodi wakicheza, simu juu, na hakuna anayewauliza lolote. Kamera ukijielekezea mwenyewe haimtishi mtu. Ukiielekeza kwenye ukuta wa mtu, hapo ndipo maswali yanaanza. Kwa hiyo tusiseme watu wa uswahilini wanaogopa kamera. Kamera wanazo, tena nyingine nzuri kuliko ya kwangu. Wanachoogopa ni mtu anayeangalia nyumba zao bila kujieleza.

Kuna kumbukumbu nyingine ya zamani zaidi. Bibi zetu walisimuliwa habari za mumiani tangu enzi za mkoloni, watu wanaotembea kutafuta damu za wenzao. Tunacheka tukisikia, lakini mambo haya yameua. Oktoba 2016 katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian cha Arusha pamoja na dereva wao waliuawa na wananchi na gari likachomwa moto. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Wakadhaniwa wanyonya damu. Watu watatu, kwa sababu ya udongo!

Sitetei hata kidogo waliofanya vile. Kuua ni kuua. Lakini mtu anayekwambia "potezea, hao hawana la kukufanya" hajui anachokisema. Nao uvumi haukai vijijini tu. Kukitokea maneno kwamba kuna watoto wanapotea, mji mzima unabadilika ndani ya siku moja, na kijana mgeni mwenye begi na kamera karibu na geti la shule anaweza kuitiwa mwizi kabla hajafungua mdomo.

Kumbukumbu ya tatu ni hela. Watu wanajua picha inauzwa. Tangu mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na kadi za posta za Unguja zenye sura za watu, na chini yake pameandikwa kabila au kazi tu, jina hakuna. Aliyepigwa hakupata senti. Leo ni yale yale: mtoto kamasi zinamtoka, anapigwa picha, picha inakwenda kuombea misaada, na mama yake hajui kama mwanawe yuko ukutani kwenye ofisi ya mtu. Kwa hiyo mama akikwambia "mnakwenda kutuuza", hajatunga.

Niwape mfano wa kwangu. Muhula uliopita nilikwenda mtaa mmoja wa bondeni, jina naliweka kapuni, kukusanya picha za mitaro. Nilianzia ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akasoma barua yangu, akanipa mzee mmoja mjumbe wa kunizungusha. Tukafika kwa mama mmoja anayeuza maandazi, nikainua kamera kuelekea mtaroni.

"We binti, unapiga picha ya nini?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeuliza picha ya nini, sijauliza salamu."

Nikamweleza: nasomea ualimu, natafuta picha za mtaro za kufundishia wanafunzi mafuriko, nyumba yako haimo, hebu tazama. Nikampa kamera aangalie mwenyewe. Akatazama picha zote, moja baada ya nyingine, bila kusema neno. Halafu akasema, "Sasa hapa si ndipo maji yanapopita, mbona hujapiga kule yanapoingilia?" Akaacha maandazi kwa binti yake, akatupeleka nyuma ya nyumba. Pale ukutani pana mstari wa tope, umefika usawa wa dirisha. Akaniambia huo ni wa masika gani, na ule wa chini yake ni wa masika gani. Ile ndiyo picha bora niliyoipata siku ile, na bila swali lake nisingeiona. Wiki mbili baadaye nikazisafisha mbili nikampelekea. Moja kaibandika bandani.

Ndiyo maana nasema swali lile siyo ukuta, ni mlango. Anayekuuliza ndiye anayeujua mtaa. Hata ule mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ulikwenda kwa mtindo huo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi wakizunguka kata za jiji hili pamoja na wakazi wenyewe, wakichora mitaro na vichochoro. Mgeni peke yake angejuaje maji yanapita wapi usiku?

Sasa wabishi wenzangu wana hoja moja nzito, naomba niijibu vizuri. Wanasema: tukianza kuomba ruhusa kwa kila mtu, wala rushwa nao watasema hawataki kupigwa picha. Mwandishi aliyekuta dawa zimetupwa au askari anapokea kitu kidogo, aombe ruhusa kwa nani? Hoja ni ya kweli, lakini inachanganya mambo mawili. Mwenye madaraka akiwa kazini anafanya kazi ya umma, na umma una haki ya kumwona. Mama anayekosha vyombo barazani kwake hayuko kazini kwa umma. Baraza lake limetazamana na njia kwa sababu kiwanja ni kidogo, siyo kwa sababu ametualika. Mwenye ukuta wa futi nane na geti la chuma hapati shida hii. Maskini ndiye anayeishi nje. Tukisema "kinachoonekana barabarani ni cha wote", maana yake asiye na ukuta hana faragha. Mimi hapo siwezi kukubali.

Na sheria ukiitazama haiko upande mmoja. Katiba yetu ibara ya 18 inanipa uhuru wa kutafuta na kutoa habari. Hiyo hiyo, ibara ya 16, inampa yeye haki ya faragha ya nafsi yake na maskani yake. Juu ya hapo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sura ya mtu inayomtambulisha siyo mali ya kuokota njiani. Nyie mnaorusha sura za watu mitandaoni na maneno ya kuchekesha, mjue.

Upande wa pili nao niuseme, maana sikuja kuwapamba wenyeji. Kuuliza ni haki, kupora simu siyo haki. Kumfutia mtu picha zake zote kwa nguvu, kumwitia mwizi, kumzingira vijana kumi, hayo ni makosa na yanaweza kuishia pabaya. Halafu kuna ile ya "toa ya soda". Siku ile ile niliyoisimulia alitokea kijana akadai elfu tano ya kupiga picha mtaa wao. Yule mzee akamuuliza mtaro aliuchimba lini, kijana akaondoka. Ukishalipa mmoja umeweka bei kwa kila mwanafunzi atakayekuja baada yako, na wenye hela ndio watakaobaki wanapiga picha.

Vyuo navyo vina kazi hapa. Barua zetu za utambulisho nyingi zinaandikwa kwa Kiingereza, tena kile kigumu. Mjumbe wa mtaa afanye nayo nini? Barua iwe ya Kiswahili, nusu ukurasa, iseme ni nani, anatafuta nini, picha zitakwenda wapi, na namba ya ofisi ya kupiga kuulizia. Tunafundishwa mbinu za utafiti muhula mzima, kujaza madodoso na kuchora majedwali, lakini namna ya kumsalimia mwenye baraza hakuna anayetufundisha.

Ushauri wangu kwa mnaokwenda mazoezini ni mfupi. Anza ofisi ya mtaa. Usimtegemee mjumbe wa nyumba kumi peke yake, maana tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 yule ni wa chama na si kila mtu atamkubali. Salimia kwanza, kamera iwe begini. Ukiulizwa, jibu kwa kifupi na uonyeshe ulichopiga. Mtu akikataa, acha, usipige kwa kuibia, maana atakayelipa ni mwenzio anayekuja kesho. Watoto usipige bila mzazi. Penye kibao cha jeshi usitoe hata simu. Na picha zirudi mtaani, hata mbili tu.

Tutakuwa walimu wadau. Wazazi wa watoto tutakaowafundisha ndio hao hao wanaotuuliza leo. Mwalimu anayeona swali la mzazi ni usumbufu, la mtoto atalionaje?

Naomba kuwasilisha. Wabishi wangu mnakaribishwa.