Orodha ya wakimbizi isikae kwenye kompyuta ya watu wote

Familia ikikimbia vita na kufika Kasongo au Kabambare, huandikwa: jina la mkubwa wa nyumba, idadi ya watu, kijiji walikotoka, namba ya simu. Orodha hiyo ikichapwa kwenye kibanda cha fotokopi, kwa kompyuta inayochomekwa flashi za kila mtu, siri ya familia imewekwa barazani.

Kosa si la mwenye kibanda peke yake. Windows XP ya mwaka 2001 ilimpa mtumiaji wa kwanza mamlaka yote ya mashini, na kila programu aliyoifungua ilipata mamlaka hayo hayo. Flashi nayo, mara ikichomekwa, iliweza kumpendekezea mtumiaji afungue programu yake. Kirusi Conficker, kilichotokea mwaka 2008, kilipita njia hiyo. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza kwa intaneti marekebisho ya kuizuia, lakini mashini isiyoingia kwenye intaneti haikuyapata. Hata kwenye Windows mpya, ukifungua programu mbaya, inaweza kusoma karibu mafaili yako yote bila kukuomba ruhusa.

Orodha iliyoibwa namna hii haionekani kupungua. Mwenye silaha akiipata, anajua nani alikimbia na anapatikana kwa simu gani.

Basi makamati na mashirika yatenge kompyuta moja ya orodha, yenye neno la siri, akaunti isiyo na mamlaka yote, na flashi yake peke yake. Na kila familia, kabla ya kutaja majina, iulize: orodha hii itawekwa wapi? Ni haki yao kujibiwa.