Kompyuta Yafichua Siri ya Dawa Iliyoshindwa

Familia nyingi za Afrika Mashariki zaikumbuka Fansidar, dawa ya malaria ambayo mtu mzima alimeza vidonge vitatu kwa mara moja. Tanzania iliifanya kuwa dawa ya kwanza ya kutibu ugonjwa huo mwaka 2001, baada ya klorokwini kushindwa. Haikupita miaka mingi nayo ikadhoofika, na mwaka 2006 nafasi yake ikachukuliwa na dawa ya mseto.

Je, dawa huishiwaje nguvu? Ndani ya kijidudu cha malaria mna protini iitwayo kimeng'enya, inayosaidia kutengeneza mahitaji ya uzazi wake. Protini hiyo ina kishimo mfano wa kitasa. Pirimethamini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika Fansidar, huingia humo kama ufunguo na kukiziba. Kijidudu hushindwa kuongezeka, kikafa.

Mwaka 2003 wanasayansi wa Thailand, akiwemo Yongyuth Yuthavong, walitangaza umbo la protini hiyo. Waliigeuza kuwa fuwele, wakaipiga eksirei, na kwa msaada wa kompyuta wakapata picha ya mpangilio wa atomu zake. Hapo siri ikafichuka. Katika vijidudu sugu, kiungo cha 108 cha mnyororo wa protini kilikuwa kimebadilika, kikawa kinene zaidi na kuusukuma ufunguo nje.

Kwa kuitegemea picha hiyo, watafiti walibuni dawa nyingine, P218, iliyotangazwa mwaka 2012. Umbo lake hunyumbulika, tena halivuki mipaka ya nafasi ambayo kimeng'enya hupokelea chakula chake. Kwa hiyo kijidudu kikijibadili ili kuikataa dawa, chaweza kuikataa na riziki yake chenyewe.

Hata hivyo, kompyuta haimponyi mgonjwa. Yaweza kupima maelfu ya maumbo na kuonyesha yanayofaa kujaribiwa, lakini hayo ni makadirio tu. Hukumu hutolewa na maabara, kisha na majaribio kwa watu waliojitolea, kazi ya miaka mingi.

Kazi hiyo yote yaweza kupotea nyumbani. Dozi inayokatizwa kwa sababu homa imeshuka huwaachia vijidudu wenye nguvu nafasi ya kuishi na kuenea. Ni wajibu wa kila mzazi, awe kambini au kijijini, kuhakikisha kwamba mgonjwa amepimwa, na dozi aliyopewa imemalizika.