Aliyefutwa kazi pia ana haki ya cheti

KATIKA mji wa Busia, habari huvuka mpaka kabla ya mwenyewe kuvuka. Karani wa wakala wa forodha akimwaga unga leo kwa utovu wa nidhamu, kesho ofisi jirani zimesikia, upande wa Kenya na wa Uganda. Akiomba kazi kwingine huulizwa cheti cha alikotoka. Hana, kwa kuwa mwajiri wa zamani alikataa kumpa.

Mimi naona huo ni uonevu, tena ni uvunjaji wa sheria. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi kila anayeondoka, mradi amefanya kazi wiki nne mfululizo. Haijalishi alijiuzulu au alifukuzwa. Cheti hutaja majina, kazi aliyofanya, mahali, siku aliyoanza na aliyoacha. Mwajiri halazimiki kueleza tabia yake. Anayekataa kukitoa anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili.

Simtetei mwizi, huyo apelekwe mahakamani. Lakini wapo waliofutwa kwa kuchelewa au kujibizana na msimamizi. Je, hao nao wasile tena? Wakiulizwa sababu ya kuondoka, waseme kweli, maana uongo Busia haufiki jioni.

Aliyeajiriwa ng'ambo, Uganda, ajue kwamba sheria ya huko ya mwaka 2006 inamtaka akiombe cheti mwenyewe. Aombe kwa barua, na abaki na nakala.