Mama Apewe Karatasi Yake



Wako watakaouliza, uzazi na chama cha wafanyakazi vinahusiana wapi? Sisi wa kamati ya akina mama tunajibu hivi: mwanamke anayechuma chai kutwa na kikapu mgongoni ni mfanyakazi, na tumbo lililopasuliwa ndilo analorudi nalo shambani.

Mama mmoja wa tawi letu alizaa mtoto wa kwanza kwa kisu. Alipochukua mimba ya pili aliambiwa kliniki, hata hajaketi, "Ulipasuliwa, basi utapasuliwa tena." Hakuna aliyemwuliza sababu ya kisu cha kwanza. Yule mtoto alikuwa ametanguliza matako. Huyu wa pili alikaa sawa, kichwa chini. Mama akaenda hospitali nyingine. Daktari akasoma karatasi zake, akamwambia ajaribu, ila hapo hapo penye chumba cha upasuaji. Alizaa mwenyewe. Mwenzake naye alijaribu, uchungu ukakwama, akapasuliwa usiku. Hajuti, wala sisi hatumlaumu. Anasema lililompa moyo ni kuulizwa.

Msemo kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima uliandikwa na daktari wa New York, Edwin Cragin, mwaka 1916, siku ambazo mfuko wa uzazi ulikatwa wima. Sasa mkato kwa kawaida ni wa kulala, sehemu ya chini, na kovu lake hushika vizuri zaidi. Katika akina mama 100 wenye mkato huo wanaojaribu, kama 60 mpaka 80 huzaa kwa njia ya kawaida. Hatari ipo, hatufichi. Kovu laweza kuachia, kadiri ya mama 1 katika 200, na hapo kila dakika ni roho ya mtu. Kwa hiyo si jambo la kujaribia nyumbani. Na mwenye mkato wa wima hashauriwi kujaribu kabisa.

Basi mama atajuaje mkato wake? Kovu la ngozi halionyeshi la ndani. Laonyeshwa na karatasi ya upasuaji, na karatasi hiyo wengi wetu hatujaiona kwa macho. Tulitoka hospitali na risiti tu! Tena Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kupata habari zake mwenyewe.

Kwa tajiri nako tuna neno. Sheria ya Kazi ya 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, sawasawa kwa aliyepasuliwa na asiyepasuliwa. Ikiisha, kikapu ni kile kile. Tunataka aliyepasuliwa apewe kazi nyepesi kwanza, na siku ya kliniki isikatwe mshahara.

Wenye karatasi waje nazo kwenye mkutano wa tawi. Wasio nazo walete jina la hospitali na tarehe waliyozaa, tuandike barua pamoja.