Mamba Mwenye Bangili Tumboni



Juma hili nimepata barua kutoka upande wa Lituhi. Mwandishi wake amefiwa na mpwa wake, msichana, aliyekamatwa na mamba alipokwenda kuteka maji alfajiri. Siku ya tatu askari wa wanyamapori walimpiga risasi yule mamba. Walipompasua walikuta tumboni mawe na bangili ya shaba, wala bangili hiyo haikuwa ya marehemu. Basi kijiji kizima kikasema: huyu si mamba wa Mungu, ni mamba-mtu, anaye mwenyewe aliyemtuma. Na mzee mmoja jirani amekwisha kutajwa. Ndugu yetu anauliza: Je, yuko kiumbe wa namna hiyo, nusu mtu nusu mamba?

Pole sana, ndugu, wewe na nyumba yako. Nakujibu waziwazi: hayuko. Walakini sitawacheka watu wa kijiji chako, maana alama wanazozitaja wameziona kweli kwa macho yao. Kosa ni katika kuzifasiri.

Tuanze na tumbo. Mamba hawezi kutafuna. Meno yake ni ya kushika tu. Nyama huikata kwa kujizungusha majini mpaka kipande kinyofoke, kisha hukimeza kizima. Asidi ya tumbo lake ni kali hata huyeyusha mifupa na kwato. Lakini shaba haiyeyuki upesi, wala mawe. Mawe huyameza mwenyewe, na karibu kila mamba mkubwa anayo. Wataalamu wengine husema humsaidia kusaga chakula, wengine husema humpa uzito wa kutulia majini. Tena mamba huishi miaka 50, hata 70. Bangili ile yaweza kuwa imekaa humo tangu kabla msichana hajazaliwa, au mamba aliimeza pamoja na tope. Mwenye bangili si mwenye mamba.

Husemwa pia: “Mbona wanawake kumi huenda mtoni, naye akamchagua huyu mmoja?” Hapo, msomaji, sikiliza vizuri. Macho, masikio na pua ya mamba vyote viko juu ya kichwa, hata aweza kuzama mwili wote akabaki anatazama, nawe ukadhani ni gogo. Nyuma ya ulimi ana kilango cha nyama kinachofunga koo, ndiyo maana aweza kufungua kinywa chini ya maji asizame. Na tayani mwake mna vitone vidogo vyeusi, mfano wa mbegu za ulezi. Kwa vitone hivyo huhisi mtikisiko mdogo kabisa wa maji, hata gizani. Mnyama huyu hujifunza desturi zetu. Kama kila alfajiri ndoo inachovywa mahali pale pale, atapajua mahali pale na saa ile. Hachagui jina la mtu. Humkamata aliyeinama karibu naye, aliye peke yake. Na ni nani huinama majini kila siku katika vijiji vyetu? Ni mama na binti zake. Wanaume tukiteka sisi maji, tungeliwa sisi.

Tena husema: “Alipotea miezi mingi, akaja siku ile tu, kama aliyetumwa.” Damu ya mamba haina joto lake yenyewe, hulipata kwa kuota jua. Kwa hiyo chakula kidogo humtosha, na aweza kukaa majuma mengi, hata miezi, bila kula. Kumbe huenda hakupotea. Alikuwapo mkiteka maji, naye hana njaa.

Na uzazi wake je? Jike hufukia mayai mchangani wakati wa kiangazi, yapata 50, akayalinda karibu miezi mitatu asile ila kidogo sana, maana kenge hunyemelea. Joto la mchanga ndilo liamualo kama kifaranga atakuwa dume au jike. Vifaranga hulia wangali ndani ya mayai. Mama husikia, akafukua, akawachukua kinywani kwa upole mpaka majini. Wakati huo ni mkali mno kwa yeyote apitaye karibu. Sasa niambie, ni mtu gani huzaliwa hivyo?

Ninyi wa milimani, Wamatengo mlimao ngoro, msiseme neno hili ni la Wanyasa peke yao. Ng'ambo ya Ruvuma, katika wilaya ya Muidumbe huko Msumbiji, mwaka 2002 na 2003 simba waliua makumi ya watu. Watu wakasema ni simba wa kutengenezwa na wachawi, wakawaua jirani zao. Hapa Tanzania kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560. Wataalamu walipochunguza waliona mashambulio yalizidi wakati wa mavuno, na penye nguruwe wengi: simba hufuata nguruwe, nguruwe hufuata mahindi, na mkulima amelala shambani katikati yao.

Ni kweli, huko Singida katika miaka ya 1940 walipatikana watu walioua wenzao ili ionekane ni kazi ya simba. Hao walikuwa wauaji wa kawaida, wakahukumiwa kwa ushahidi mahakamani. Mnong'ono wa kilabuni si ushahidi.

Nilikuwa na miaka tisa mamba alipomchukua mtoto wa jirani yetu. Walimfukuza mzee mfumaji wa migono, kwa sababu tu aliishi peke yake na macho yake yalikuwa mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kukaushia samaki! Siku nyingi zilipita katika kumsema, na hakuna aliyehamisha mahali pa kuteka maji. Kabla ya masika kwisha, akachukuliwa mtoto wa pili, mahali pale pale. Mimi ndiye niliyetumwa kumwita mama yake.

Basi, ndugu wa Lituhi, nenda leo kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa katekista, uwaambie jina la yule mzee lisitajwe tena, na mtu mmoja alale kwake mpaka hasira zipoe. Katika ofisi ya wanyamapori wilayani uliza habari za kifuta machozi. Kisha kateni miti migumu, mchomeke majini kwa karibu sana, fito zikazwe kwa waya, ua uanzie nchi kavu upande huu na kurudi nchi kavu upande ule, hata anayeteka asimame ndani. Matumbo ya samaki yasitupwe hapo. Kila masika yakiisha, kagueni miti iliyooza chini ya maji, maana juu huonekana mizima.

Juma lijalo nitajibu swali la kenge na kuku.